Doro wat yangu inatoka chungu na majimaji, nakosea wapi?

"Shikamoo shefu. Niko Dar, kaka yangu kaoa Mhabeshi wa Addis mwaka jana, na mimi kwa kimbelembele changu nikasema ntampikia wifi doro wat ya kwao. Nimejaribu mara tatu. Ya kwanza ilikuwa majimaji, rangi ya chungwa, yani mchuzi wa kuku wa kawaida tu wenye pilipili. Ya pili nikaweka nyanya ya kopo mwanzoni ili iwe nzito, vitunguu vikagoma kulainika, vinaelea vipande vipande. Ya tatu nikafuata video, nikakaanga vitunguu kwenye mafuta mengi mpaka vikawa brauni, nikamwaga berbere, ikatoka chungu mpaka koo linakwangua, na kuku akasambaratika ikabaki mifupa. Halafu ile ya kwanza wifi hata hakuonja, alisema ameshiba, ilikuwa Ijumaa. Kuku ni broila kilo moja na nusu, vitunguu naweka vitano. Mama naye ana vidonda vya tumbo na anataka kuonja. Hii kitu inawezekana nyumbani au nikanunue hotelini yaishe?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla sijagusa sufuria ngoja nianze na hilo la wifi kukataa, mana naona ndo linakuuma kuliko hata uchungu wa mchuzi. Ulimpikia kuku Ijumaa. Wahabeshi wa Orthodox wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kufunga kwao sio ile ya kusubiri magharibi ukafuturu unachotaka, siku ya mfungo hamna nyama, hamna yai, hamna maziwa wala siagi. Kabla ya Fasika, ambayo ndo Pasaka yao, wanafunga hivyo siku 55 mfululizo. Sasa doro wat ni kuku, mayai na samli kwenye sahani moja, ulimwekea mbele kila kilichokatazwa siku ile, akaona akukatae kistaarabu. Kwa hiyo usijilaumu, na usimnunie. Ila Ethiopia ina Waislamu wengi na walokole pia, kwa hiyo muulize kaka yako kwanza wifi ni wa upande gani, na kama ni wa Orthodox basi pika Jumamosi au Jumapili isiyo ndani ya mfungo. Zile siku 50 baada ya Fasika hata Jumatano na Ijumaa wanakula tu. Muulize na jambo la nani kachinja, kwao Wakristo wa Orthodox na Waislamu wengi kila mmoja anakula nyama iliyochinjwa na mtu wa dini yake, na hilo ni kitu ambacho mgeni hawezi kukwambia mkiwa mezani.

Haya, jikoni. Shida zako zote tatu zina mzizi mmoja: umeichukulia doro wat kama mchuzi wa kuku. Doro ni kuku kweli, na wat (wenyewe wanatamka kama "wot") ni mchuzi, lakini anayeijua atakwambia huo ni mchuzi wa vitunguu ambao kuku kaja kutembea. Vitunguu vitano kwa kuku wa kilo moja na nusu ni mzaha. Vitunguu vitano vya wastani ni kama nusu kilo, wakati mimi kuku huyo namwekea kilo moja na nusu ya vitunguu vyekundu, na kama naona wageni ni Wahabeshi wenyewe nasogea hadi kilo mbili. Mama aliyenifundisha, mtu wa Gondar kule Ethiopia aliyekuwa anapikia watu nyumbani kwake Nairobi, siku ya kwanza alinipa gunia dogo na kisu akaniambia tuonane baada ya saa moja. Nilidhani ananitania.

Kwa nini vingi hivyo? Kitunguu karibu asilimia 90 ni maji. Katika kilo mbili, kama kilo moja na robo tatu ni maji ambayo lazima yaondoke, kinachobaki ni sukari, ladha, na ile gundi inayoshikilia kitunguu kisilegee, inaitwa pektini. Gundi hiyo ikiyeyuka inaugeuza mchuzi kuwa mzito bila unga, bila nyanya, bila chochote. Ndo mana ya kwanza yako ilikuwa majimaji, hukuwa na cha kuishikilia.

Sasa hapo kwenye nyanya. Nyanya ina asidi, na pektini ikikutana na asidi inakaza badala ya kuyeyuka. Ukiweka nyanya mapema unaweza kuchemsha vitunguu mpaka adhana ya alfajiri na bado utavikuta vinakutazama. Wapo wanaoweka kijiko cha nyanya ya kopo mwishoni kwa ajili ya rangi, siwezi kuwafunga, lakini ile ya asili haina nyanya kabisa, wekundu wote unatoka kwenye berbere.

Na video yako ya mafuta mengi, hiyo imekupikisha vitunguu vya biriani. Vya biriani tunataka vikauke, vishike umbo, vipate utamu wa kuungua kidogo, na kwa biriani ni sahihi kabisa. Doro wat inataka kinyume chake. Kitunguu kikiwa na maji yake hakiwezi kupita nyuzi 100, kinajichemsha chenyewe taratibu na kujisaga. Ukikitupa kwenye mafuta ya moto kinakauka nje haraka, kinapata ngozi, na chenye ngozi hakisagiki. Kwa hiyo unaanza bila mafuta hata tone. Najua inatisha, na mimi mkono wangu ulikuwa unaenda wenyewe kwenye chupa ya mafuta, yule mama alinichapa nao mwiko.

Katakata vidogo kabisa, kama punje za mchele. Blenda? Ukisaga na maji ukapata uji, enzaimu za kitunguu zinafanya kazi zote kwa mpigo, unapata harufu kali na wakati mwingine uchungu, halafu umeongeza maji juu ya maji uliyotaka kuyaondoa. Ile mashine ya kukatia, ukiibonyeza kidogo kidogo ikavisaga vibaki na chembe, hiyo ni sawa, Wahabeshi wengi wa Ulaya na Marekani ndo wanachotumia na hawajafukuzwa ukoo. Kama huna, kaa na kisu na mtu wa kupiga naye stori.

Weka kwenye sufuria nzito, nzito kweli, sio hizi nyepesi za alumini zinazoshika chini ukigeuka tu. Moto mdogo, koroga kila baada ya dakika chache. Dakika kumi za kwanza vitatoa maji mengi utadhani umekosea, tulia. Vikianza kushika chini nyunyiza maji ya moto vijiko viwili, kwangua, endelea. Saa nzima, saa na robo, hata saa na nusu kama ni kilo mbili. Utajua vimefika kwa jicho: pitisha mwiko katikati, ukiona chini ya sufuria na ule mstari ukakaa wazi bila kujifunika, hapo tayari. Rangi iwe ya kahawia hafifu yenye wekundu, vimelegea kama jamu. Sio brauni ya biriani!

Tuje kwenye uchungu sasa, mana ndo swali lako lenyewe. Watu wengi wanafikiri berbere ni pilipili ya unga, kwa hiyo ukikosa unaweka pilipili na masala ya pilau maisha yanaendelea. Hapana. Kwa Kiamhara neno hilo ni pilipili yenyewe pia, lakini unga unaouzwa kwa jina hilo ni pilipili nyekundu ndefu zilizokaushwa, zikatwangwa na kitunguu saumu, tangawizi na majani jamii ya rehani, zikaanikwa tena juani, ndo zikasagwa na iliki yao (inaitwa korerima, ni kubwa kuliko yetu na ina moshi moshi fulani), uwatu, habasoda, ajwaini, chumvi na vingine kutegemea nyumba. Yani kila mama ana yake. Katika hivyo ubaya uko kwa uwatu: ukikaangwa kwa upole unanukia vizuri, ukiungua hata sekunde chache unakuwa dawa ya malaria. Wewe ulimwaga unga mkavu kwenye mafuta ambayo vitunguu vyake vilishakauka, hamna maji ya kuzuia joto, mafuta yako pengine yalishapita nyuzi 150. Iliungua kabla hujaweka kopo chini. Koo kukwangua nako ni berbere ambayo haikupata muda wa kuiva taratibu.

Inavyotakiwa ni hivi. Vitunguu vikishafika ule mstari, weka samli ya viungo (nakuja kwake), kama kikombe kimoja cha chai hivi, iyeyuke ichanganyike dakika tano. Kisha berbere, kwa kuku wako gramu 60 mpaka 80, na moto uwe mdogo kabisa. Koroga, ikianza kukaza weka maji ya moto vijiko vichache, ikaze tena, weka tena. Fanya mchezo huo dakika 30 mpaka 40, bila kuondoka, simu iweke mbali. Rangi ya pilipili na ukali wake vinayeyuka kwenye mafuta, haviyeyuki kwenye maji, ndo mana ile ya kwanza yako yenye maji mengi ilibaki rangi ya chungwa na ukali wa kuchoma ulimi tu. Ikikaa kwenye mafuta muda wa kutosha utaona inageuka kutoka wekundu wa tofali mpya kwenda wekundu wa ini, harufu inatoka kwenye kuchoma pua inakuwa ya kualika majirani, na mafuta yanaanza kujitenga pembeni. Hapo ndo unaweka kitunguu saumu kichwa kizima na tangawizi kidole kimoja, vimetwangwa, dakika kumi nyingine. Mchuzi huo wa msingi wanauita kulet. Pika Jumamosi, uache, umalizie na kuku Jumapili, unakuwa mtamu zaidi. Ukipika mwingi unagandisha kwenye friza na siku nyingine unaanzia nusu ya safari.

Ikiungua je? Ntakwambia ukweli ambao hutaupenda: haiokoleki. Sukari inaficha kidogo, asali inaficha kidogo, ndimu inazidisha. Ndo mana mimi kabla ya kuweka berbere natoa theluthi ya vitunguu naweka pembeni, nikiharibu nina pa kuanzia.

Berbere utaipata wapi? Mimi Nairobi naipata kirahisi, Eastleigh na maduka ya Wahabeshi yapo. Wewe uliza mgahawa wowote wa Kihabeshi hapo mjini, mara nyingi wanaagiza na watakupimia. Iangalie rangi iwe nyekundu iliyokolea, ikiwa imefifia kama vumbi la barabara ya vumbi imezeeka, na ukifika nayo nyumbani iweke friza. Ukikosa kabisa tengeneza, chukua pilipili ndefu nyekundu zilizokaushwa zisizo kali sana, gramu 100, toa mbegu. Usitumie pilipili kichaa, mana utalazimika kupunguza na mchuzi utakosa uzito, berbere sio ukali tu, ina kazi ya kujaza. Kaanga kavu kwa moto mdogo vijiko viwili vya chai vya giligilani, kimoja kimoja cha uwatu, habasoda, ajwaini na pilipili manga, iliki nane, karafuu nne, kipande cha mdalasini, saga pamoja na hizo pilipili, tangawizi ya unga na chumvi. Haitakuwa ile yenyewe. Itakuwa nzuri.

Samli ya viungo wanaiita niter kibbeh. Hapa sisi watu wa pwani tuna bahati, samli tumeizoea. Chukua siagi halisi isiyo na chumvi nusu kilo (majarini hapana, nakuomba), iyeyushe na kitunguu kidogo, punje za saumu, tangawizi, iliki, manjano nusu kijiko, uwatu robo kijiko na majani ya rehani, moto wa chini dakika 40. Maji ya siagi yanaondoka, maziwa yanazama chini, juu panabaki safi, unachuja kwa kitambaa. Kama una samli ya ng'ombe tayari, ichemshe tu na viungo hivyo nusu saa. Kuna jani lao moja linaitwa koseret, huku sijawahi kuona mbadala wake, liache tu, usiliigize na oregano.

Sasa kuku wako aliyesambaratika. Addis iko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, maji kule yanachemka kwenye nyuzi kama 92. Dar yanachemka kwenye 100. Na kuku wa kule nyumbani ni wa kienyeji, jogoo aliyekimbia maisha yake yote. Video ikisema chemsha saa nzima, inazungumzia kuku huyo kwenye mlima huo. Broila wako aliyekaa bandani wiki sita ukampika saa nzima hapo Kariakoo lazima abaki mifupa. Broila mpe dakika 30 hivi, na kidari kiingie dakika 15 baada ya mapaja. Ukipata wa kienyeji ni saa moja au zaidi, mpaka alainike, na kwa kweli huyo ndo anayestahili kazi yote hii. Mpasue paja karibu na mfupa uone hamna wekundu, kama una kipima joto cha nyama basi 74.

Kuku anatolewa ngozi yote, ngozi inaleta mafuta yanayofunika ladha ya samli. Kwa desturi anakatwa vipande 12, na zamani bibi harusi alikuwa anapimwa kwa hilo, kwa hiyo wifi atahesabu hata kama hatasema. Vipande vinaoshwa kwa ndimu na chumvi mara kadhaa, fanya kwenye beseni na sio chini ya bomba linalorusha maji kila mahali, mana vijidudu vya kuku mbichi vinatua kwenye sahani zako, halafu suuza vizuri ndimu isibaki. Weka kwenye kulet na maji ya moto kidogo tu, kikombe kimoja, kuku mwenyewe atatoa mengine. Usifunike kabisa. Mwishoni mayai ya kuchemsha, moja kwa kila mlaji, uyachanje kwa kisu mistari midogo ili mchuzi uingie, dakika kumi zinatosha. Malizia na kijiko kimoja cha mekelesha, hicho ni viungo vya mwisho, kwa nyumbani changanya pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini vilivyosagwa. Chumvi onja wakati huo ndo uweke, berbere nyingi zina chumvi ndani tayari, nimeshuhudia watu wakilia kwa hilo.

Kuhusu mama. Pilipili haisababishi vidonda vya tumbo, vingi vinatokana na bakteria anaitwa Helicobacter pylori au dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikitumika muda mrefu. Lakini kidonda kikishakuwepo pilipili inaweza kumchoma na kumkosesha usingizi, na doro wat sio chakula cha kuonja kijiko ukaacha. Wahabeshi wenyewe wana jibu, inaitwa alicha: vitunguu vile vile, samli ile ile, badala ya berbere unaweka manjano na tangawizi. Ile theluthi ya vitunguu uliyotoa pembeni, kama hukuihitaji, ndo alicha ya mama, weka vipande vyake viwili vya kuku humo. Dozi na dawa zake aongee na daktari wake, mimi ni mpishi, na kama anapata choo cheusi kama lami, anatapika damu au anapungua bila sababu, hiyo sio ya kusubiri mpaka Jumatatu, mpeleke hospitali.

Injera, ule mkate wao mwembamba wa kulia wat, sikushauri uanze nayo sasa hivi. Ni unga wa tefu, nafaka yao ndogo, uliochachushwa siku kadhaa, ni somo lingine zima. Nunua kwenye huo huo mgahawa, ukikosa tafuta anjera ya Kisomali, nyembamba na ndogo zaidi lakini ina ule uchachu unaokata mafuta. Ugali unalika nayo, nimekula, ni tamu, ila usimwekee wifi siku ya kwanza. Pembeni weka ayib, jibini yao laini, au chukua mtindi uupashe taratibu mpaka ujitenge na uuchuje. Huo ndo wa kuzima moto mdomoni, maji hayasaidii kitu.

Hoteli sasa. Kwenda kununua sio dhambi, na kwa kweli nakushauri uende mara moja kabla ya kupika tena, sio ili uwadanganye watu mezani, ila ili ulimi wako ujue unakoelekea, mana naona umepika mara tatu kitu ambacho labda hujawahi kukila. Ukiweza waombe wakuruhusu usimame jikoni pale wanapoweka berbere, hiyo dakika 40 huwezi kuielewa kwa maandishi yangu hata nikijaza kurasa kumi, inaelewekea puani. Na kama ikikushinda ya nne, acha mambo ya sapraizi, mwite wifi jikoni mpike wote. Mpe mwiko, wewe kata vitunguu.

Kitu kimoja cha mezani. Mkishaanza kula anaweza kukunja tonge kubwa la injera na kuku, akalileta mpaka mdomoni kwako. Inaitwa gursha. Usilipokee kwa mkono, fungua mdomo, na ukiona linaletwa la pili ujue mchuzi umekubali.